Jogoo wa Simu ya Mama

Gitega, Jumanne

Kaka yangu mpendwa Egidius,

Tumsifu Yesu Kristu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Na mama je, macho yanaendeleaje? Bado anakataa kupokea simu mpaka asikie mlio wa yule jogoo uliyemwekea? Mimi mwili hauna neno, nakula na kulala. Moyo ndio hautulii.

Najua utashangaa kupata karatasi kutoka kwangu, mimi niliyekuwa nakimbia insha tangu shule ya kambi ya wakimbizi kule Kasulu. Kuna mambo siwezi kuyasema kwenye simu siku hizi. Barua nampa Othmani, yule muuza vitenge wa Muyinga, ambaye anarudi huko kesho asubuhi kama petroli itapatikana. Nimeifunga pamoja na dawa ya macho ya mama, na nimemwambia akukabidhi wewe mkononi, si mtu mwingine. Nakuomba uisome ukiwa peke yako, kabla hujapanda gari la kuja huku.

Huku kumechafuka. Kuna tovuti moja, sitaitaja jina, iliyokuwa na picha za wanawake wa Gitega na namba za simu za kuwaitia. Chini ya kila picha wanaume waliandika maoni na kutoa nyota, kama mtu anayesifu hoteli aliyolala. Mwezi uliopita polisi walitangaza kwamba kila aliyeweka tangazo humo, na kila aliyepokea simu kwa ajili ya matangazo hayo, atashtakiwa. Mwenye tovuti hajulikani, wanasema yuko nje ya nchi. Wale waliotoa nyota walijiandika majina ya kujitungia, mmoja anajiita Dereva Mpole, na sijasikia hata mmoja wao aliyeitwa. Kwa hiyo waliobaki wa kukamatwa ni wanawake, na zile namba, kwa sababu kila namba imesajiliwa kwa jina la mtu.

Walianza na Klara. Unamkumbuka, yule mpangaji wa nyuma ya saluni yangu, aliyekupikia chai Pasaka ulipokuja kusali kanisani Mushasha. Walimchukua saa nne asubuhi akiwa kwenye kiti changu. Nilikuwa nimemsuka upande mmoja tu wa kichwa, wakamwondoa hivyo hivyo, nusu imesukwa na nusu imesimama. Longino, mlinzi wa geti pale kwa mwendesha mashtaka, ambaye mke wake ni mteja wangu, ananiambia kuwa hadi leo yuko vile vile. Anasema walimuuliza mara nyingi ni nani aliyekuwa akipokea simu, naye akawajibu, “Mi sijuwe mwenye namba. Mi niko na jina yangu tu, muandike ile.” Wiki tatu sasa anarudia maneno hayo.

Namba wanayoitafuta ilikuwa chini ya picha tisa, na jina lililosajiliwa ni lako. Hilo unalijua, ndilo limekutoa jasho. Tuliporudi kutoka Tanzania karatasi zangu zilikuwa zimepotea njiani, sikuwa na karangamuntu, na bila kitambulisho hakuna laini. Ukanichukulia laini kwa kitambulisho chako siku ile nakuja Gitega kutafuta maisha. Ulinikabidhi na mandazi ya wifi, ukaniambia nisiipoteze kwa sababu mama ameshaikariri. Nusu ya watu tuliorudi nao wanatumia laini za kaka zao na wajomba zao, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

Ulipopata wito wa kwanza ulinipigia kwenye namba yangu mpya, niliyosajili mwenyewe nilipopata karangamuntu, ukaniuliza ile ya zamani iko wapi. Nilikujibu kwamba iliibwa sokoni mwaka jana pamoja na mkoba. Hukuniuliza swali la pili. Ulikuja, ukawaeleza hivyo, ukatia sahihi. Nasikia padri amekuomba ukae pembeni, usifundishe watoto wa komunyo ya kwanza mpaka jambo liishe. Wewe ambaye hata kambini ulikuwa unarudisha kikombe cha unga kilichozidi kwenye mgao, ukatuudhi sote. Niliposikia habari hiyo nilifunga saluni mapema.

Sasa sikiliza. Wito wako wa pili, huu wa Ijumaa, si wa kuuliza tena yale yale. Longino amesikia kwamba wameomba orodha ya simu zote zilizopigwa na laini ile, na Ijumaa itakuwa mezani. Ukirudia kwamba iliibwa, watakufungulia orodha hiyo mbele ya uso wako. Watakuonyesha kwamba mwizi wako wa sokoni humpigia mama yetu kila Jumapili baada ya misa.

Laini haikuibwa, kaka. Ninayo. Iko kwenye simu ndogo nyeusi ninayoiweka ndani ya kopo la mafuta ya nywele, na mwenye kupokea simu zile nilikuwa mimi. Mwaka wa kwanza, kabla ya saluni, nilikuwa pia mmoja wa wale wa kwenye picha. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kuchana karatasi mara mbili, basi ya tatu na ibaki.

Sitakudanganya kwamba nililazimishwa. Madereva wa malori wanaopita mpaka wa Kobero walikuwa wanakwama hapa siku nne, siku tano, wakisubiri mafuta. Wakisikia Kiswahili changu cha Tanzania walijiona wako nyumbani, nami nikajua namna ya kuongea nao. Nilipopata saluni niliacha, lakini wanawake wakaniomba niendelee kuwapokelea simu, kwa sababu nilikuwa nauliza namba ya lori kabla ya kumruhusu yeyote aende. Niliandika kila namba kwenye daftari. Dereva mmoja alimpiga Klara na kumtupa njia ya Giheta, na ni daftari hilo lililofanya wenzake wamtambue, asipokelewe tena na yeyote. Serikali wanaita kazi hiyo jina jingine, na sitaki kubishana nao. Daftari lina majina ya watu, kwa hiyo nimelichoma jikoni, nikaivishia maharage.

Utaniuliza kwa nini sikuitupa laini siku ile ile ya wito. Nilikusudia. Lakini Jumapili ikafika, nikamfikiria mama amekaa na simu mapajani, na kwa namba yangu mpya hapokei, anasema ni watu wa kampuni. Nikampigia mara moja, nikasema ni ya mwisho. Jumapili iliyofuata nikapiga tena. Ujinga wangu ndio huo, na hauna maelezo mengine.

Zamani saa hizo ulikuwa parokiani na watoto wako wa katekisimu. Siku hizi huendi. Jumapili hii mama aliniambia kwa furaha kwamba umekaa naye pale pale, unamchambulia mchele. Nikasema akupe simu nikusalimie. Nikasikia ukimwambia una kazi mkononi. Egidius, tangu lini ukashindwa kuweka chini ungo wa mchele? Jogoo aliwika mbele yako. Wewe ndiye uliyemweka, na ulimweka kwa namba moja tu, ile ya zamani. Tangu Jumapili najua kwamba unajua, na kwamba Ijumaa ulikuwa unakuja kusema uongo ukiwa na akili zako timamu, kwa ajili yangu. Nimelia siku mbili, nikakasirika siku hizo hizo. Ni nani aliyekutuma?

Usije kunibebea. Alhamisi saa mbili asubuhi nitakuwa getini kwa Longino na simu nyeusi mkononi, nitawaeleza laini ilivyosajiliwa na nani aliyekudanganya. Barua hii ikikufikia Jumatano, usisafiri Alhamisi kuja kunizuia. Ijumaa njoo kama ulivyoitwa, useme ukweli tu: kwamba dada yako alikwambia imeibwa, ukamwamini. Siku ile uliyotia sahihi huo ndio ulikuwa ukweli. Wakiniweka chumba kimoja na Klara, nitammalizia ule upande wa pili.

Nisalimie wifi na watoto, na Bahati jirani, na padri ukiona inafaa. Mama usimfiche, lakini usimwambie yote kwa siku moja. Jumapili baada ya misa atashika simu akisubiri jogoo, na jogoo hatawika. Nakuomba saa hiyo usiwe na kazi nyingine mkononi.

Ni mimi dada yako, anayekupenda na kukuonea haya,

Efrazia