Salamu ya Mkono wa Kushoto

Baba Nura,

Wali uko mu sufuria ya kijani, upashe moto kidogo. Nura anywe dawa ya kikohozi akisha kula. Na umununulie Mama Destin beseni mpya, ile yake imepasuka.

Usicheke. Nilikuwa nimekamata ambreyaji ya skuta vizuri kabisa, ile klachi ya mkono wa kushoto, vitesi ya kwanza, yaani gia, imeingia, naye jirani Mama Destin anafua pale getini. Akasema, "Mama Nura, umeamkaje?" Mi nimupite mutu muzima bila kumupungia? Nikaachilia ambreyaji nimusalimie, tena na mkono wa kushoto, aibu mara mbili, na skuta ikarukia beseni. Alhamdulillah, yeye muzima, mi muzima, skuta haina hata mkwaruzo. Ila we pale mlangoni ulijifunika macho na taulo. Hiyo ndiyo imeniuma.

Umwambie Mama Destin, kuanzia leo nitamusalimia kwa kinywa. Mikono yote iko kazini.

Ninaenda Ngagara na ~~teksi~~ skuta. Polepole, sipitishi arobaini, injini ingali mpya.

Jioni ukisikia honi, ufungue geti. Ufungue na macho.

Mama Nura