Mafundo ya Nyaya za Lori

Mama Salwa,

Nimekwenda Kanoni kwa Twagirayezu, muuza vipuri, kuchukua platini za lori, vile vibati vya kutoa cheche za plagi; zile za zamani zimeungua. Ndizi nimeshamenya, ziko kwenye maji. Kaka Anwar amefuata watu wa vyuma chakavu, watafika baada ya adhuhuri. Tumekubaliana naye: lori la marehemu Baba likiwaka leo linabaki, lisipowaka wanalikata. Wakinitangulia, wape chai wasubiri. Kaka usimnyime shikamoo yake, hata kama bado una hasira. ~~Usiguse kitu kwenye injini.~~

Asubuhi lori lilipolipuka na moto kutokea kwenye kabureta, Kaka alicheka, “Hilo si lori, mdogo wangu, ni bunduki.” Nikakuuliza mbele yake nani alifungua kamba za mgomba nilizofunga kwenye nyaya za plagi, fundo moja kwenye waya wa kwanza, mawili kwenye wa pili, hadi sita, ili nisizichanganye nikizirudisha. Ukasema ulichukua mbili kufungia majani ya kupikia, ukidhani ni takataka. Nikaacha mezani chai uliyonimiminia. Najua iliuma.

Ulipokwenda shambani nilikagua upya. Nyaya mbili ulizofungua kamba nilikuwa nimezirudisha sawasawa. Zilizopishana ni wa tano na wa sita, ambazo kamba zake hukuzigusa. Mafundo nilihesabu vibaya mimi.

Nyaya nimeshazipanga. Ufunguo uko chini ya karatasi hii. Nikishafunga platini utaliwasha wewe, mbele ya Kaka, na nitamwambia kosa lilikuwa la nani. Hata lisipowaka.

Baba Salwa