Kitundu Chini ya Pampu

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kimya changu kirefu. Barua yako niliipata, nikaiweka juu ya kabati nikisema nitaijibu kazi ikipungua. Haikupungua, na hata ingepungua nisingekuwa na la kukuandikia ila manung'uniko. Natumaini goti lako limepata nafuu na umeacha ubishi wa kupanda ngazi. Sisi huku tu wazima wa mwili. Wifi yako anakusalimu, ingawa hajui kwamba ninakuandikia.

Amehamia huku daktari wa mifugo, mgane, mtu wa makamo ambaye meno yake yote bado yapo kinywani. Huzungukia mashamba kwa pikipiki ya magurudumu manne. Aliniletea karakanani akisema injini inachemka na maji ya rejeta yanapungua bila yeye kuona yanakokwenda. Niliiacha ipoe, nikajaza rejeta, nikaifuta injini hadi ikakauka, nikatandika boksi chini yake, nikaiwasha. Haukupita muda, matone yakaanza kudondoka kutoka kwenye kitundu kilicho chini ya pampu ya maji. Kitundu hicho kimewekwa makusudi, ili sili ya ndani, ile pete ya kuzuia maji, ikichakaa maji yatoke nje yasiingie kwenye oili.

Daktari aliuliza kwa nini tusikizibe kwa gundi tukamaliza maneno. Nilimweleza kwamba maji yatageukia kwenye oili na injini itakufa. Akasema kumbe ni kama ng'ombe anayeharisha, dawa yake si kumziba. Wifi yako, aliyekuwa kaunta akipanga vipuri, alicheka hadi akafuta machozi kwa kanga. Dada, sikumbuki ni lini mara ya mwisho alicheka hivyo kwa neno langu. Niliinama nikakagua oili. Ilikuwa safi, haijageuka rangi ya chai ya maziwa. Ugonjwa ulikuwa sili tu, kazi ya asubuhi moja. Nikamwambia Daktari kwamba sili ya aina hiyo haipatikani hapa, itabidi iagizwe mbali.

Nilidhani mtu asiye na usafiri atatulia kwake. Kumbe nilimfungulia mlango. Kila asubuhi hupita kwa miguu, huulizia sili, kisha huketi kwenye benchi mbele ya kaunta. Wifi yako humpa chai katika kikombe cha wageni, mimi nikinywea kile kilichovunjika mkono. Daktari humwuliza alijifunzaje kukitambua kipuri kwa kukipapasa tu, naye humweleza kwa kirefu mambo ambayo mimi sikuwahi kuyauliza. Nimesugua vali ambazo nilikwisha kuzisugua, ili nipate kisingizio cha kukaa karibu nisikie. Siku moja wifi yako aliniuliza mbele ya mgeni, mzee, hiyo nati unaifungua au unaikaba koo. Walicheka wote wawili. Baadaye Daktari akamwomba akamsimamie duka lake jipya la dawa za mifugo, naye akasema atafikiri.

Sasa nifike kwenye jambo lililonikalisha kuandika. Sili ilikuwapo tangu siku ya kwanza, kwenye droo ya kaunta. Niliificha kwa ulimi, si kwa mkono. Juzi wifi yako alipokwenda kumtazama mama yake, nilishindwa kuvumilia kuiona mashine nzuri imelala. Nilimwaga maji, nikafungua mfuniko wa pampu, nikang'oa sili kuukuu, nikaipapasa shafti kwa ukucha nisikute mkwaruzo. Sili mpya niliisukuma kwa kipande cha bomba kinacholingana na ukingo wake, kwa maana ukiigonga usoni umeiharibu. Nikaweka gasketi mpya, nikajaza maji, nikatoa hewa, nikaiwasha. Boksi lilibaki kavu. Kisha nikaifunika kwa turubai kana kwamba sijaigusa.

Wifi yako aliporudi, alifungua droo, akaifunga, akaketi. Akaniambia kwamba yeye ndiye anayeipanga ile droo, na hajui nilimdhania nani. Alijua tangu siku ile nilipotamka neno "haipatikani", akanyamaza asinifedheheshe mbele ya mteja. Chai alikuwa akimpa kwa aibu, kwa kuwa hakuweza kumtazama mtu akitembea njia yote ile kwa sababu ya uongo wa mumewe halafu amwache aondoke na koo kavu. Nikamwuliza, na kicheko je? Akasema kicheko ni kicheko, Daktari anachekesha, na kwa hilo hataniomba msamaha. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Kuhusu duka la dawa, amesema atamjibu Daktari baada ya kusikia mimi nitamweleza nini kuhusu pikipiki yake. Hatanisaidia wala hatanichongea, ila atakuwa amesimama kaunta akisikiliza. Nikisema sili imefika jana, nitamkabidhi mtu mashine yake na huenda nikampa na mke wangu. Nikisema kweli, Daktari atauliza kwa nini nilimdanganya, nami itanibidi nitamke sababu kwa kinywa changu, wifi yako akiwa anasikia. Tangu nimwoe sijamwambia jambo la namna hiyo.

Daktari hupita asubuhi, na hadi ninapoandika haya sijajua nitafungua kinywa kwa neno gani. Uwasalimu wote wa nyumbani kwako, na goti ulikande kwa maji ya moto. Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii sitakuweka juu ya kabati.

Ni mimi mdogo wako,
Fundi