Kopo la Mwisho, Karibu na Nguzo

Jumatatu, 3 Juni 2019

Wifi Analyn amehamisha makopo ya vidonge! Nimeenda mjini Iloilo kumuuguza shangazi, narudi nakuta duka limegeuzwa. Parasetamoli imekaa katikati ya rafu tangu enzi za Mama. Sasa iko mwisho kabisa, karibu na nguzo. Katikati kuna ile dawa kali ya jino.

Sisi vidonge tunavikata kimoja kimoja kwa mkasi kutoka kwenye pakiti, jina halibaki. Makopo nayo hayana maandishi. Tunajua kwa mahali tu.

Nikamuuliza kulikoni. "Ni vizuri hivi, wifi," akasema, akaendelea kumenya vitunguu. Vizuri kwa nani?

Jumatano, 5 Juni

Ajenti wa dawa kaja na pikipiki. Wifi kucheka weee! Kapewa hata bango la dawa. Na ile dawa ya jino ina faida kubwa kuliko parasetamoli — ndiyo maana imewekwa mbele ya macho ya wateja. Mimi si mtoto.

Bibi Choleng akaja, akaelekeza kwa kuchongoa mdomo kupitia wavu wa duka, palepale katikati kama miaka yote. Wifi akamuuliza: "Kichwa au jino, bibi?"

"Kichwa! Tangu lini wewe ukawa daktari?"

Nikacheka kwa nguvu ili wifi asikie.

Ijumaa, 7 Juni

Nimemkuta Baba dukani, anapapasa rafu. Wifi anamnong'oneza sikioni. Nilipofunua pazia wakanyamaza wote wawili.

"Nachukua kidonge cha magoti," Baba akasema. Tangu vidonda vya tumbo vimlaze, ameruhusiwa parasetamoli tu; zile kali zinaweza kumtoa damu. Sawa. Lakini parasetamoli ndiyo ya kunong'onezana?

Kuna jambo. Kaka Rodel yuko melini mwaka mzima, mkewe anaanza kujiona mwenye duka. Ni duka la Mama yangu!

Jumamosi, 8 Juni

Wifi kaenda sokoni kununua samaki. Nimerudisha makopo. Parasetamoli katikati, ile kali mwisho, kama Mama alivyopanga. Sikumwambia mtu. Akigundua, na agundue.

Nimefurahi, sifichi.

Jumatatu, 10 Juni

Hospitali. Naandika kwenye benchi.

Baba ametapika asubuhi, kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Akaanguka mlangoni. Tumemleta kwa baiskeli ya magurudumu matatu ya jirani, wifi kampakata kichwa njia nzima. Damu, daktari anasema. Tumboni.

Daktari akauliza Baba amekula dawa gani. Wifi akajibu huku analia: "Parasetamoli tu, daktari, naapa. Macho yake yana ukungu, haoni. Kopo lake lilipokuwa katikati ya mengine yanayofanana alikuwa anakosea, nikamhamishia lake mwisho. Nikamwambia, Baba, papasa mpaka uguse nguzo, la mwisho ndilo lako. Hajakosea tena!"

La mwisho! Tangu Jumamosi la mwisho ni la ile dawa kali, nimeliweka mimi.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Alinikataza, wifi. Alisema ukijua haoni utamtoa dukani, akae ndani kama mgonjwa."

Kweli ningemtoa. Ee Mungu wangu.

Jana Baba alilalamika magoti yanauma sana. Alienda rafuni mara ngapi? Sikuangalia. Nilikuwa namwangalia wifi.

Daktari kaandika kwenye cheti: parasetamoli tu. Anasema basi hajui damu imetokana na nini, itabidi aanze kutafuta kwingine. Akanigeukia: "Na wewe unakaa naye pia? Fikiria vizuri, narudi sasa hivi." Nikaitikia kwa kichwa.

Wifi ameegemea bega langu. Amechoka. Anasema, "Ashukuriwe Mungu upo, wifi, peke yangu ningefanyaje?" Ameshika mkono wangu wa kushoto, nami naandika kwa wa kulia.

Mlango umefunguliwa. Daktari anakuja huku —