Mkono Nilioinua

Jumapili, Septemba 2009. Hallunda.

Halafu nikainua mkono! Mimi, beki wa miaka thelathini na mbili, niliyecheza ligi ya Denmark miaka kumi, nikasimama kudai kwamba mshambuliaji wao ameotea, huku yeye akinipita na mpira. Kibendera hakikupanda. Tumefungwa moja bila, kwenye uwanja wetu wenyewe hapa Stockholm, kwa uzembe wangu.

Kocha hakufoka. Alisema tu, "Mkono haukabi mtu." Afadhali angefoka.

Mkataba wangu unaisha msimu huu, na ninaogopa. Goti la kushoto linauma kila nikipanda ngazi, na sijamwambia mtu. Nikiachwa hapa, nani tena atanichukua na...

Mama alipiga simu kutoka Denmark, bao ameliona. Nilitarajia pole. "Mwanangu, mikono tunainua kanisani, Mungu anaona. Refa naye anaona? Wewe kimbia kwanza, utalalamika baadaye." Nilicheka mpaka mke wangu, Furaha, akatoka jikoni na mwiko kuuliza kuna nini.

Lakini ndiyo kweli. Zamani sikuwa nainua mkono, kwa sababu nilikuwa nawahi.

Basi kesho mazoezini nitashika pindo la bukta kwa mkono huohuo, mwanzo mpaka mwisho, usipate nafasi ya kupanda. Wakicheka, wacheke. Keshokutwa pia. Na Jumamosi, kwenye mechi ijayo, kibendera kipande kisipande, mshambuliaji yeyote atanikuta nimeshafika.