Karoti za Mawe

Jumatatu, 3 Machi
Nimefagia ghala. Nimeua panya mmoja. Miaka sita natunza karoti za kampuni, yaani vipande virefu vya mwamba vilivyochomolewa ardhini kwa mashine ya kutoboa, na sijawahi kuzitazama. Leo mkurugenzi mpya kaja na mita ya kupimia. Anataka nafasi ya matairi. Ijumaa lori litabeba masanduku yote, mawe yakafukie mashimo ya barabara. Nikamjibu bosi huyo, ndiyo chef. Basi.

Jumanne, 4 Machi
Nimepita mtaa wa Kapata kumwambia mzee Tata Mwepu. Ni mwanajiolojia wa kampuni, amestaafu. Ndiye aliyepima na kuandika karibu kila sanduku. Hakupiga kelele. Aliuliza tu lango hufunguliwa saa ngapi.

Jumatano, 5 Machi
Kafika kabla yangu. Akaumwagia mwamba maji, ukang'aa, akanisomea karoti za shimo moja toka juu hadi chini. Kokoto ndani ya tope lililoganda kuwa jiwe: zililetwa na barafu. Barafu, hapa Kolwezi! Chini yake shaba. Tabaka zimejikunja kama nguo, kwa sababu nchi yetu na nchi ya kusini ziligongana, milima ikainuka, ikalika ikaisha. Brazili ilishikana nasi, ikaja kujibandua, bahari ikaingia katikati. Haya yote anayasoma kwenye jiwe nene kama mkono wangu. Nimeona aibu. Sijawahi kumsikiliza mtu kwa hamu hivi.

Alhamisi, 6 Machi
Mkurugenzi amekataa kumpokea Tata Mwepu. Mara mbili. Naogopa kufukuzwa. Hata hivyo tumelitoa shimo lile lote nje, sanduku baada ya sanduku, kufuata kina, toka langoni hadi ghalani. Wazo langu. Mgongo unauma.

Ijumaa, 7 Machi
Lori saa mbili. Mkurugenzi nyuma yake, amefura. "Nani ameziba njia?"
"Mimi, chef," nikajibu.
Tata Mwepu akavua kofia. "Patron, tembea na mi kidogo tu. Kisha batabeba."
Wakatembea. Kwenye sanduku la kokoto mzee akamshika mkono, akauweka juu ya jiwe. "Hii majiwe ilitoka mbali, mu barafu. Ule wakati hata Afrika haikuwa."
Mkurugenzi akachuchumaa matopeni na suruali yake safi. Akauliza. Akauliza tena.
Mwishowe akaamua: shimo hilo linabaki. Hilo tu. Mengine yamepakiwa, na Tata Mwepu mwenyewe kawasaidia vibarua kunyanyua. Nimemkasirikia hata yeye.
"Mama Zaina," akaniambia, "jana hatukukuwa na hata moja."
Mtu wa ajabu. Mimi nisingeweza.

Jumatatu, 10 Machi
Mvua tangu asubuhi. Tata Mwepu kaniagiza niandike maelezo ya sanduku la kwanza peke yangu. Kijivu. Laini. Mistari myembamba, imelala upande. Saa nzima kwa maneno hayo. Akasoma, akasahihisha neno moja. Kisha tumekula bukari, ugali wetu, na samaki, mlango wazi.