Kona ya Mahame

Jumamosi, 30 Juni 1973
Nimechaguliwa katibu wa klabu ya magari ya mbio. Mimi, Longinus, mwalimu wa jiografia, mwenye baiskeli! Mwenyekiti wetu Stanislaus, bwana misitu hapa Kibondo, kasema katibu asiye na gari hatapendelea gari la mtu. Haya. Kazi yangu ya kwanza: kutafuta uwanja wa mashindano ya Agosti. Gari la mbio lenyewe ni moja tu, la Dakta Hilali — jekundu, halina paa, tumbo karibu liguse chini. Mengine ni Pijo na Landrova za watu wenye matumaini.

Jumapili, 8 Julai
Kasulu, kuangalia kiwanja cha ndege. Kimenyooka, kirefu, kitamu kwa macho. Ila ndege ya dawa hutua bila kupiga hodi, na msimamizi akatuuliza kwa upole kama tunajua kupisha ndege. Tukaenda Buhigwe. Vilima. Dakta alitaka kona, akazipata — ekzosi ikabaki njiani. Akalala chali vumbini na shati lake jeupe kuifunga waya. Stanislaus akamwambia mtaka cha mvunguni sharti ainame. Dakta hakucheka. Mimi nilicheka mpaka Makere, njiani kurudi.

Jumatano, 11 Julai
Kikao cha klabu. Uwanja umepatikana. Dakta alikuwa anatoka kliniki ya Kitahana, kaona tambarare, ardhi ngumu, nyasi zimeshachomwa. Mahame matupu, anasema; watu wote walihamishiwa kijiji kipya mwaka jana. Kuna migomba kidogo kwenye kona, itafyekwa.

Naijua kona hiyo. Migomba ni ya mama. Kitovu changu kimezikwa hapo. Na ule ugumu wa ardhi anaousifu Dakta ni uwanja wa nyumba yetu: miaka na miaka ya kupura maharage na kupaka samadi.

Mjumbe mmoja aliuliza, wenyewe je? Stanislaus akajibu, asiyekuwapo na lake halipo. Wakacheka, wakapitisha. Nikaandika kwenye muhtasari: Kitahana imekubaliwa. Mwandiko mzuri kabisa.

Shida ni kwamba mama anarudi kule kwa siri kupalilia, na amri ni kwamba hakuna kurudi. Nikisema migomba ina mwenyewe, nimemshtaki mama. Nikinyamaza, inafyekwa. Nimekasirika, na sijui nimkasirikie nani.

Jumapili, 15 Julai
Kwa mama, kijiji kipya. Nyumba zimepangwa mstari kama madawati. Nikamweleza yote, hadi siku ya majaribio. Alikuwa anachambua maharage, hakuinua macho. Akauliza hayo magari yatakwenda wapi. Nikasema hayaendi popote, yatazunguka na kurudi yalikoanzia. Akauliza, na mafuta yote hayo?

Nikamwambia na ule msemo wa Stanislaus. Akaurudia polepole, neno kwa neno, maana Kiswahili kwake ni cha sokoni tu. Halafu akataka kujua huyo Stanislaus ni mtu wa wapi. Muha, nikasema, wa Kasanda. Akasema basi vizuri, akaendelea na maharage yake. Sikuelewa vizuri gani.

Jumanne, 24 Julai
Majaribio ni Jumamosi. Mapanga yatakuja na Landrova. Mkataa kwao mtumwa — wazee walisema hivyo. Mimi sijakataa, nimenyamaza tu. Natafuta tofauti yake tangu asubuhi.

Jumamosi, 28 Julai
Kitahana. Naandika ndani ya Landrova ya Stanislaus. Magari yamesimama yote.

Tulipokaribia kona tuliona moshi. Mama! Kawasha moto kwenye mafiga yake ya zamani, katikati kabisa ya njia. Uwanja umefagiliwa, unang'aa. Chungu cha ndizi na maharage kinatokota, na kando yake mtungi wa pombe, mirija imeshachomekwa tayari.

Dakta akapiga honi. Stanislaus akamshika mkono, akamwambia aache. Huku Buha hupiti uwanjani pa mtu panapowaka moto bila kuingia na kusalimu. Ukikaribishwa, hukatai. Na ukishakula kwenye mji wa mtu, yaani nyumbani kwake, huwezi tena kusimama mbele ya watu ukasema mji ule hauna mwenyewe. Dakta ni mtu wa Tanga, hayajui haya. Stanislaus anayajua. Alivua kofia yake ya serikali kabla hajashuka.

"Mwakeye, mama."

"Mwakeye, mwana wanje." Kamwita mwanangu, akafuta mikono kwenye kanga. "Niliambiwa asiyekuwapo na lake halipo. Nipo. Karibuni mle."

Stanislaus alisimama pale muda, anaizungusha kofia mikononi. Kisha akakaa. Sasa ameshika mrija, bado hajanywa. Dakta, asiyegusa pombe, kaandaliwa ndizi kwenye jani, anazipuliza. Hapo hapo akauliza huyu mama ni nani, na hayo maneno kaambiwa na nani. Stanislaus kasema hajui, labda katibu anajua, si ni mtu wa Kitahana? Wote wamegeukia Landrova.

Naandika kama vile nachukua muhtasari. Mama hajanitaja wala haniangalii. Angeweza kuniita, sauti yake naijua inavyofika mbali. Haniiti. Ila ameweka kigoda kingine, kile kifupi chenye mguu uliounganishwa na baba, na amekiacha hapo kitupu.

Mapanga yako chini ya miguu yangu. Nafungua mlango —